Barua ya wazi kwa viongozi wa Kilimanjaro: Tuvusheni makorongo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Wakurugenzi wa Halmashauri ya Manispaa na ya Wilaya ya Moshi. Mameneja wa TARURA (barabara za vijijini na mijini) na TANROADS (barabara kuu na za mikoa) mkoani. Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

Yah: Ombi la njia ya baiskeli isiyopitisha vyombo vya moto, kutoka Uru hadi Marangu

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkazi wa Moshi, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiwa nawatembeza wageni kwa baiskeli. Wengine wamekuja kupanda mlima na wamebakiwa na siku moja mbili kabla ya ndege. Wengine wamefunga mizigo kwenye keria tangu Nairobi au Lushoto, wanataka kuuzunguka mlima taratibu, siku kwa siku, wakilala wanapofikia. Hao wa pili ndio walionifanya nishike kalamu, wao pamoja na majirani zangu wanaonyonga baiskeli kwa sababu nauli haipo.

Mwaka jana mwezi wa Julai, asubuhi ya baridi, mawingu yamekaa chini na mlima hauonekani, tulitoka Kiboriloni kwenda Himo tukiwa watu sita. Kabla ya kufika Uchira lori likaanza kutupita. Nyuma yake lilikuwepo basi, na dereva wa basi hakutaka kusubiri. Akatoka kulipita lori wakati lori linatupita sisi. Kwa mbele Noah ilikuwa inakuja. Nikapiga kelele, "Nje! Tokeni nje!" Wote tukaingia majanini. Mgeni wangu mmoja, mama wa umri wa kuitwa bibi, aliangukia kwenye mtaro wa mawe. Nilipomfikia alikuwa amekaa, kiganja kimechunika, vijiwe vimeingia kwenye nyama, na gurudumu la mbele la baiskeli yake bado linazunguka. Nilimwosha kwa maji ya chupa yangu. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwani hakuna njia nyingine?"

Nilimjibu kwamba hakuna. Tangu siku ile jibu hilo limenikaa vibaya, kwa sababu si la kweli. Njia ipo, ila ni vipande vipande.

Ninyi mnaufahamu mlima wetu, lakini naomba niueleze kama anavyouona mtu wa baiskeli. Weka kiganja mezani, vidole vikiwa vimeachana. Kila kidole ni mgongo wa mlima: Uru, Mbokomu, Old Moshi, Kirua Vunjo, Kilema, Marangu. Juu ya kila mgongo kuna barabara inayopanda kutoka barabara kuu, inapita vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, shuleni, kanisani, mpaka inapoishia karibu na msitu. Katikati ya kidole na kidole kuna korongo, na chini ya korongo kuna mto. Barabara zetu karibu zote zinapanda na kushuka. Za kukatisha kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine ni chache, na nyingi zinafika ukingoni mwa korongo zikageuka kuwa njia ya miguu.

Matokeo yake ni haya. Mtu wa Mbokomu akitaka kwenda kwa shemeji yake Kirua, na nyumba zao zinaonana moshi ukipanda asubuhi, anateremka mpaka barabara kuu, anakwenda upande, halafu anaanza kupanda upya. Kwa gari ni nauli mbili. Kwa baiskeli ni kushuka mamia ya mita za mwinuko, kubanana na malori ya kwenda Holili, kisha kuzipanda mita zote zile tena. Kwa hiyo kila baiskeli ya ukanda huu, iwe ya mgeni au ya kijana anayepeleka maziwa, inalazimika kuishia kwenye lami ile ile walipo mabasi. Tunaambiwa waendesha baiskeli wawe waangalifu. Tunajitahidi sana, Waheshimiwa. Lakini uangalifu haumwongezei mtu nafasi mahali ambapo basi na lori vimeshaichukua yote.

Katika moja ya makorongo hayo, kati ya Mbokomu na Old Moshi, kuna gogo. Ni gogo moja lililochongwa juu likawa bapa, limelazwa juu ya mawe mawili makubwa, na pembeni kuna waya wa kushikilia uliofungwa kwenye mti. Wanafunzi wanapita hapo. Akina mama wanapita hapo na mikungu ya ndizi kichwani, bila kushika waya. Mimi napita na baiskeli begani, nikirudi mara mbili tatu kuzifuata za wageni. Ng'ambo, njia inaungana na mfongo, mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, na kuambaa nao.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, nilimkuta hapo mzee mmoja anazoa tope la mfongo kwa jembe. Siku ile ilikuwa zamu ya ukoo wao kusafisha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hizo baiskeli mnazibeba mpaka wapi?"

"Mpaka hapa tu, babu. Kuanzia hapa tunaweza kunyonga."

Akacheka kidogo, akasema hiyo ni kwa sababu njia yao ilipimwa na maji. Akanionyesha kwa mpini wa jembe. Ukiuchimba mfongo mkali, maji yanakula ukingo mpaka unabomoka. Ukiuchimba mlalo sana, tope linatuama, na kila wiki mko hapo na majembe. "Lazima maji yatembee kama mtu aliyebeba mtungi," alisema. "Asikimbie, asisimame."

Kwenye usukani wangu kuna kifaa kinachosoma mwinuko. Barabara ya juu ya mgongo, ile tunayoiita nzuri, inanipa asilimia 10, 12, mahali pengine 15. Mgeni mwenye mizigo anashuka na kusukuma. Kando ya mfongo ule tulikwenda zaidi ya kilomita moja na kifaa hakikufika asilimia 2. Wahandisi wa reli hutafuta mwinuko wa namna hiyo kwa vyombo vya gharama. Wazee wetu waliupata kwa kuangalia maji, wakauchonga kwenye mbavu za mlima kabla hata barabara ya kwanza ya gari haijafika huku. Kipimo cha njia ninayoiomba kiko tayari vihambani mwetu.

Nirudi kwa yule mama. Jioni ile, mkono ukiwa na bandeji, aliniambia kwao ni Italia ya kaskazini, kwenye bonde linaloitwa Val Venosta, chini ya milima inayofika mita 3,905 kwenye kilele cha Ortles. Ni bonde lenye mvua haba. Kwa hiyo wakulima wa kule nao, tangu karne nyingi, walichimba mifereji ya kuambaa na mlima kuleta maji mashambani, na kando ya kila mfereji wakaacha njia nyembamba ya mtu wa zamu kupita na jembe. Wanaoongea Kijerumani kule huuita mfereji huo Waal. Niliposikia hivyo nilimwona yule babu wa Old Moshi na tope lake. Siku hizi njia zile za mifereji zinatembelewa na wageni kwa miguu, na chini bondeni, kufuata mto Adige, kuna njia ya baiskeli, sehemu kubwa isiyo na gari, inayopita katikati ya mashamba ya matofaa na vijiji.

Kinachonigusa zaidi ni habari ya reli yao. Treni ya kutoka Merano kwenda Malles, kilomita 60 hivi, ilianza mwaka 1906 na ikafungwa mwaka 1990 kwa kuonekana haina faida. Serikali ya jimbo ikaichukua, ikaikarabati, na mwaka 2005 ikaanza tena. Merano iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, Malles kama mita 1,000. Mgeni anapanda treni kwenda juu, anachukua baiskeli, anateremka taratibu na bonde mchana kutwa, anakula njiani, analala kwa mkulima. Mtu hahitaji kuwa mwanamichezo. Wazee wanakwenda, watoto wanakwenda. Yule mama amefanya hivyo na wajukuu zake mara nyingi, na katika safari zote hizo hakuwahi kuingia mtaroni.

Siombi mtujengee Italia. Fedha yao si yetu, na mlima wao si wetu. Nimewaleta hapa kwa jambo moja: hawakuanza kwa kuchora barabara mpya. Waliunganisha vilivyokuwepo, wakaamua kwamba gari halipiti hapo, wakasimamia uamuzi huo.

Ninachoomba kwenu ni madaraja. Njia nyingi za miguu juu ya migongo zipo, zinapitika, na watu wa vitongoji wanazilinda wenyewe. Zinakatikia korongoni. Tukipata madaraja madogo ya miguu na baiskeli kwenye makorongo makubwa kati ya Uru na Marangu, katika kimo kimoja hivi cha mlima, vipande vinakuwa njia. Yawe madaraja ya mawe. TARURA, tangu ilipoanzishwa mwaka 2017, imejenga madaraja ya mawe ya upinde Kigoma na mikoa mingine, yenye nondo kidogo au bila nondo kabisa, kwa mafundi wa vijiji. Mawe yetu ni ya volkano, magumu, na yamejaa makorongoni humo humo. Mafundi wanaojua kuyachonga tunao. Tazameni misingi ya makanisa ya huku.

Njia yenyewe isizidi mita 2 na nusu au 3. Isiwe ya lami. Kifusi cha changarawe kilichoshindiliwa, mtaro upande wa mlima, na mahali pakali pawekwe zege lenye mikwaruzo. Udongo wetu mwekundu wakati wa masika unateleza kama sabuni, na asiyeuheshimu atajenga njia ya miezi sita tu. Hapa nasema kwa uchungu: nimeona njia za vijijini zikichongwa na greda mwezi wa pili, na mwezi wa nne zimekuwa mito. Kosa lilikuwa kukosekana mtaro, wala si uchache wa fedha.

Najua kuna pingamizi, na sitaki kuzifunika.

La kwanza ni bodaboda. Baiskeli ikipita, bodaboda inapita. Dar es Salaam njia za baiskeli kando ya barabara za mabasi ya mwendokasi zimetufundisha hivyo. Nguzo za chuma peke yake hazitoshi. Mbinu tuliyoiona inafaa, nilipoifikiria na mafundi, ni ngazi: kila upande wa daraja ziwekwe ngazi fupi za mawe, na pembeni mwa ngazi mfereji mwembamba wa zege wa kupitisha matairi ya baiskeli ukiisukuma. Baiskeli ya kilo 15 inapanda na mtoto. Pikipiki ya kilo zaidi ya 100 haipandi. Lakini bodaboda ndiyo inayowapeleka wagonjwa usiku, na sitaki njia yangu iwe sababu ya mzazi kujifungulia njiani. Barabara za migongo zibaki za bodaboda kama zilivyo, na daraja moja kati ya hayo, litakalochaguliwa na vijiji, liwe na lango pana ambalo ufunguo wake unakaa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Namwomba radhi mtu yeyote wa kiti cha magurudumu atakayesoma habari ya ngazi; daraja lile la lango liwe na njia ya mteremko kwa ajili yake tangu siku ya kwanza.

La pili ni maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Naiunga mkono kwa moyo wote, maana naona mito inavyopungua. Kwa hiyo siombi njia inayoambaa na mto. Naomba inayouvuka na kuondoka. Bodi ya Maji Bonde la Pangani iitwe mezani mwanzoni, kabla ya ramani, isije ikaitwa mwishoni kuja kuzuia.

La tatu ni kihamba. Hakuna Mchaga atakayekubali kipande cha kihamba cha babu yake kimegwe kwa ajili ya mgeni mwenye kofia ya plastiki, na ana haki. Mpaka wa kihamba ni masale, ile mimea inayopandwa kama uzio. Njia ipite pale ambapo masale yameshaacha njia. Ikibidi kusogeza hata mita moja, mwenyewe aulizwe kwanza, ukoo ukae, na isiwe barua ya kusomewa mkutanoni. Na mifongo iwe vivyo hivyo: ina kamati zake, ina zamu zake. Ukingo wa mfongo usikanyagwe na matairi kila siku, utabomoka. Njia iufuate mfongo kwa kimo chake, hatua kadhaa pembeni, na pale ambapo kamati itasema hapana, jibu liwe hapana.

La nne, wengine watasema hii ni anasa ya watalii. Nendeni Chekereni wakati wa mavuno ya mpunga, au Mabogini, au Kahe, mhesabu baiskeli zenye magunia. Huku tambarare baiskeli ndiyo gari la familia. Juu mlimani hazionekani kwa sababu mwinuko umezikataa, na ukiweka njia yenye mwinuko wa mfongo zitaonekana. Mwanafunzi anayetembea saa nzima kwenda shule ya mgongo wa pili atafika kwa dakika 20. Mama atasukuma mkungu wa ndizi badala ya kuubeba kichwani. Na mgeni wa baiskeli, tofauti na yule anayepelekwa kwa gari mpaka geti la Marangu na kurudishwa kwa gari, anasikia njaa kila baada ya kilomita 15. Anakunywa kahawa ilipokaangwa. Ananunua ndizi mbivu mbili, anaomba maji, tairi lake linapata pancha na anamtafuta fundi. Fedha yake inadondoka kidogo kidogo, kijiji kwa kijiji, na haina haja ya kupita ofisini kwangu wala kwa kampuni yoyote.

Kwa TANROADS ombi ni fupi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande. Pale Kiboriloni na Himo, ambapo watu wa juu na wa tambarare lazima waikate lami, wekeni kivuko chenye tuta na taa. Na kila mnapoweka lami mpya, msiache ukingo wenye kina cha kiganja kati ya lami na bega la barabara. Tairi la baiskeli likikamatwa na ukingo ule, mwendeshaji anaangukia upande wa magari.

Kuhusu treni nitasema kidogo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na baada ya miaka mingi ya kimya abiria wamerudi. Behewa moja lenye ndoano za kutundikia baiskeli lingemwezesha mtu kushuka Moshi stesheni na kuanza safari yake papo hapo. Na reli mpya ikifika siku moja, tuta la zamani lisiachwe lichimbwe kokoto kabla hatujazungumza.

Niliwahi kuandika ombi kama hili, kurasa mbili, nikalipeleka kwa mkono kwenye ofisi moja hapa mkoani. Lilipigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo. Miaka mitatu imepita. Simlaumu aliyelipokea, nadhani halikuwa la ofisi yake, na pengine hilo ndilo tatizo lenyewe. Korongo liko mpakani: upande huu kata moja, upande ule kata nyingine, maji ya bodi, daraja la TARURA, mteremko wa mazingira, wageni wa idara ya utalii. Kila ofisi inaishia ukingoni. Ndiyo maana safari hii nimeziandikia zote kwa barua moja, na namwomba Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa ateue mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, atakayebeba jambo hili toka ukingo hadi ukingo.

Na tuanze na daraja moja. Lile la Mbokomu na Old Moshi, mahali pa gogo. Ni korongo dogo kuliko mengine, mawe yapo hatua chache kutoka hapo, na vijana wa pande zote mbili wameniambia watachimba msingi bila malipo mkileta saruji na fundi mkuu. Njooni mpaone. Kutoka mjini ni daladala moja na mwendo wa nusu saa kwa miguu; nitawasubiri siku yoyote mtakayosema, na yule babu amekubali kuwepo.

Nilipita hapo wiki iliyopita. Gogo limeanza kuoza upande wa Old Moshi. Nilipobonyeza kwa kidole gumba, mti uliingia ndani kama mkate uliolowa. Akina mama wameshaanza kulivuka mmoja mmoja. Vuli inakaribia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwongoza wageni kwa baiskeli,
Moshi